Mwanamke wa Tromboni

Siku yangu ya kwanza kazini, Kiongozi wa bendi alinionyesha maikrofoni kwa kidole. "Binti, waimbaji wanasimama pale."

"Shikamoo, Kiongozi. Mimi sikuja kuimba. Nimekuja kupuliza."

Ukumbi mzima ulicheka. Nikatoa tromboni yangu, lile tarumbeta refu la kusukuma na kuvuta, nililojifunza kwenye bendi ya kanisa kule Mpwapwa. Nilipomaliza, Kiongozi alijikuna kichwa. "Haya, kaa. Lakini mimba ikija, usiniletee habari."

Zilikuja mbili. Nilipuliza na tumbo langu, na mpiga saksafoni akawa ananisogezea kiti.

Tulipiga ska. Nyinyi vijana huenda mnaiona ngeni, kwa hiyo nieleze: ukitembea, mguu unagonga chini, kisha unanyanyuka. Gitaa la ska linalia pale mguu unaponyanyuka. Ndiyo maana msikilizaji hawezi kutulia. Kongwa niliwaona wafugaji wakiruka nayo kana kwamba wamekua nayo.

Kisha tukapata mkataba katika hoteli moja mjini Dodoma. Meneja, Mzungu aliyekuwa bado mgeni nchini, alitusimamisha kabla ya onyesho la kwanza.

"Ska inawazidi nyinyi. Wageni wangu wanataka ngoma za porini. Huyu mwanamke aache hilo bomba, avae majani, acheze."

Nilikuwa na watoto wawili, na kazi nyingine sikuwa nayo.

"Ska ilizaliwa Jamaika, kwa watu weusi kama mimi," nikamwambia. "Na ngoma za bibi yangu Mgogo si za porini. Majani sivai. Nitapuliza, au nitaondoka."

"Ondoka."

Nikageuka. Nyuma yangu Kiongozi alikuwa ameshaanza kukunja nyaya. "Huyu ni wa bendi yangu," alisema. "Akitoka, tunatoka wote."

Tulivuka barabara, tukapiga kwenye uwanja wa muuza nyama choma. Wageni wa hoteli wakaanza kutoka, glasi mkononi, hadi wahudumu nao wakawafuata. Meneja alibaki mlangoni peke yake. Mkataba ulikufa, ila muuza nyama alituajiri kila Jumamosi, kwa miaka mingi.

Nilistaafu meno ya mbele yalipong'oka. Tromboni haimhurumii kibogoyo. Juzi nilialikwa harusini Bahi. Wapuliza tarumbeta wa bendi wote walikuwa mabinti. Nikawatazama waliokaa karibu nami, nione nani anashangaa. Hakuna. Walikuwa wanaulizana tu pilau inakuja saa ngapi.