Mteremko Wangu wa Juu

Mimi Mpare, mwenzangu Mchaga, kwa hiyo sisi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akiingia kwako akachukua kitu, hununi. Ukinuna, umeshindwa.

Tulipanga chumba kimoja Guildford, tukisomea mimea chuo kimoja cha hapa Sydney. Kazi yenyewe ilikuwa mbali, milima ya Moroko, chini ya misonobari: unazungusha kamba chini, kisha unaandika kila mmea uliomo ndani, ili ijulikane upi unaota bonde gani, upi unapanda hadi kwenye ukungu na unakomea wapi. Profesa aligawa. Mteremko wa chini wa mtani, wa juu wangu. Nilifurahi mno, maana huko juu ndiko misonobari inakoishia.

Yeye akatangulia, mimi nikawa nangoja viza. Mara korona, mipaka ikafungwa, nikabaki Guildford na dirisha linalotazama gereji ya jirani.

Alikuwa akinipigia kwa video. "Mtani, ona!" Anageuza simu: kuvumwani iliyotanda kama ukoga kwenye mashina, maua meupe kivulini. Mimi huku nimevaa barakoa, niko kwenye foleni ya duka nimeshika fungu la mchicha. Wivu, jamani! Niliuonea wivu hata utomvu uliomganda vidoleni.

Siku moja hakugeuza simu.

"Profesa anataka nipande na kule juu, msimu unaisha. Nimemwambia nikuulize kwanza."

Nikikataa, kazi inalala. Nikikubali, msitu unakuwa wake. Nikakimbilia utani.

"Chukua, bwana! Wachaga mliacha lini cha mtu?"

"Na wewe Mpare gani, na kesi mnavyozipenda, hata mahakamani hunipeleki?"

Tulicheka sana. Simu ilipokatika nikarusha mwiko ukutani.

Akapanda. Huko akakuta maua madogo ya njano, ambayo sote tuliyajua kuwa ya bondeni tu, yamejibanza chini ya misonobari ya mwisho kabisa. Kwenye kikao cha Zoom profesa alishangilia kama goli limeingia. Nikazima kamera. Maua yangu yale! Kila mtu alimpongeza, naye alistahili, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mipaka ilipofunguliwa alirudi. Tunda la msonobari aliloniletea lilichukuliwa na watu wa karantini uwanja wa ndege. Alitundika koti lake mlangoni, akaenda kuoga. Nikalisogelea. Lilikuwa linanukia utomvu. Nikaingiza uso, nikavuta pumzi, nikavuta tena.

"We mtani!" Alikuwa nyuma yangu, na taulo yake. "Si ulichukue tu? Desturi yetu hiyo."

Alisimama pale anasubiri nimtukane.

"Sitaki koti," nikamwambia. "Nataka mteremko wangu."

Hakuna aliyecheka.