Nilipunguza Digrii Ishirini kwenye Kompyuta ya Kliniki

Kosa ni langu. Naanza hapo kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu ni la mjomba wangu, na moyoni najua mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, hapa Garissa. Nilikuwa karani wa rekodi katika kliniki ndogo ya kifua kikuu. Wagonjwa wetu wengi walikuwa wafugaji, wengine wametoka mbali kama Buna na Kutulo, na dawa yenyewe inamezwa kwa miezi mingi. Kadi zilipotea safarini. Kwa hivyo tulitegemea kompyuta ituambie fulani amefika mwezi gani na amebakisha mingapi.

Kompyuta hiyo ilitumia mfumo wa Linux. Fundi wake, Mutiso, mtu mpole, alikuja kutoka Nairobi mara moja moja. Aliona joto letu akaogopa. Akaniwekea namba ndogo chini ya skrini, inayoonyesha wakati wote joto la prosesa, ule ubongo wa mashine. Mwanzoni ilisoma vibaya, akanifungulia faili ambamo hesabu ya ile namba huandikwa, akairekebisha nikiangalia.

"Dada, ikifika sabini, zima. Ngoja ipoe," akaniambia.

Msimamizi wa kliniki alikuwa Adan, ndugu wa mama yangu, abti wangu. Ndiye aliyenipatia kazi. Nilimwamini kuliko mtu yeyote pale.

Kiangazi kilipokaza, Adan alichukua feni ya chumba changu akaipeleka ofisini kwake. Namba ikaanza kupanda. Kila adhuhuri inafika sabini, nazima. Ripoti zikachelewa, na daktari mkuu akaanza kuuliza.

Adan akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Abti," akasema, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "hiyo namba ndiyo inatuletea shida. Si wewe unajua kuibadilisha?"

"Najua. Lakini joto litabaki lilelile."

"Mashine ni chuma, chuma hakisikii joto. Ipunguze tu. Kukiwa na maneno, mimi niko. Wallahi niko."

Sikumwomba hata arudishe feni. Nilifungua faili, nikaongeza alama ya kutoa, nikaandika ishirini. Sabini na mbili ikawa hamsini na mbili. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe.

Tulikaa hivyo wiki tatu. Ripoti zilitoka kwa wakati, daktari akatusifu. Kwa haraka ile hata nakala za akiba za kwenye disketi niliacha kufanya.

Siku moja, watu wakijiandaa kwa swala ya adhuhuri, skrini iliganda. Nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha mashine ikazimika. Namba ya mwisho niliyoiona ilikuwa sitini na nane. Ongeza ishirini mwenyewe.

Daktari alipotuita, Adan aliniambia kwa Kisomali, polepole, niseme fundi aliifunga mashine vibaya. Nikasema. Nilimchongea mtu ambaye hakuwepo kujitetea, na ambaye hakuwahi kunitendea ila wema.

Mutiso aliitwa. Alichomoa diski akaiunganisha na mashine aliyokuja nayo. Sehemu kubwa ya rekodi ilikuwa imeharibika. Lile faili la joto lilisomeka.

Akanyoosha kidole kwenye skrini. "Dada, hii ya kutoa ishirini nani aliandika?"

Hakupandisha sauti. Nilimgeukia Adan. Nilingoja aseme lile neno aliloniapia, kwamba yuko.

"Mimi hata kuiwasha sijui," Adan akasema. "Huyu msichana ndiye alikuwa akiichezea. Nilimwonya."

Huyu msichana. Hakuniita abti.

Kazi iliisha siku hiyohiyo. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa nje, kwenye benchi. Dahabo, mama wa Kutulo, alikuwa amebakisha mwezi mmoja tu amalize dawa. Kadi alishapoteza, na rekodi yake ilikuwa kati ya zilizoharibika. Walimwambia aanze upya.

"Wewe ulikuwa unaniandika mbele ya macho yangu," akaniambia. "Waambie."

Niliwaambia. Nani angeamini neno langu siku ile? Dahabo alifunga mzigo wake akarudi kwa watu wake. Sijui kama alipona. Nimeuliza wasafiri wengi wa upande ule, hakuna anayejua.

Adan bado huja nyumbani sikukuu ya Idi. Mama humwandalia chai. Mimi humpa salamu, kwa sababu ni salamu, kisha naenda jikoni.

Wewe unayekaa mbele ya mashine yenye maisha ya watu, nisikie. Mkubwa wako akikuambia ubadilishe namba ili isionekane, hata kama ni damu yako, mpe karatasi aandike agizo hilo kwa mkono wake na atie sahihi. Akikataa kushika kalamu, utakuwa umemjua mapema kuliko mimi nilivyomjua wangu.