Maiti wa Igizo la Zaina

Mwenzenu nina aibu moja ambayo hata nikienda dukani kununua kiberiti wananikumbusha, wananiuliza, "Mzee Mhina, leo umekuja kwa miguu?" halafu wanacheka mpaka mwenye duka anajifuta machozi. Basi afadhali niiseme mwenyewe, maana wanaoisimulia huko Mkumbara wameshaongeza kwamba nilikuwa nimeingizwa kaburini, na huo ni uongo mtupu, makaburini sikufika, nilifika msikitini tu.

Chanzo ni mjukuu wangu Zaina. Alimaliza kidato cha nne akarudi hapa Mnyuzi, na badala ya kushika jembe kama wenzake akashika kalamu, akaandika igizo. (Mimi shule niliishia darasa la pili, mwalimu alinichapa kwa kuchelewa nikaona kesho nisichelewe tena, nisiende kabisa.) Igizo lenyewe ni la mzee anayekufa, na kabla hajazikwa watoto wake wanaanza kugombania shamba lake la michungwa. Zaina aliponisomea niliwatambua watoto wale, wako kila kitongoji.

Sasa kuandika, kumbe, ndiyo kazi ndogo. Kazi ni kupata pa kuchezea na watu wa kutazama. Alikwenda shuleni akaambiwa mitihani imekaribia. Akaenda Korogwe kwa bwana utamaduni, yule ofisa anayeshughulika na ngoma na maigizo, naye akamwambia, "Binti, ukumbi upo, lakini siwezi kuufungua kwa ajili ya karatasi. Lichezeni kwanza huko kwenu, nitakuja Jumamosi nione kama watu watakaa mpaka mwisho. Wakikaa, ukumbi ni wako." Baba yake Zaina naye (ni mwanangu huyo, mkali kama pilipili kichaa, sijui kamrithi nani) akasema Jumamosi ikipita hivi hivi, binti anakwenda Handeni kwa shangazi yake kuuza vitenge, na makaratasi yake yatawashia moto. Kwa hiyo mnaona, ilikuwa Jumamosi ile au vitenge.

Mwenyekiti akatupa ghala la zamani la ushirika, ng'ambo ya reli. Vijana wanne wakakubali kuigiza kwa ujira wa makande. Akakosekana maiti. Kila aliyeombwa alisema mama yake hataki, ni uchuro. Nikasema mimi nitakufa. Msidhani ni ushujaa, niliona tu ndiyo nafasi pekee isiyo na maneno ya kukariri. Zaina akafurahi, akanipa amri moja: "Babu, ukishafunikwa umekufa. Hata nzi akitua puani usimfukuze."

Haya, sasa kosa lenyewe, na lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Siku ile goti langu lilikuwa limevimba. Ghalani si mbali, lakini nikajiuliza, mtu anayekwenda kulala kwa nini atembee? Zaina alikuwa ameshatangulia kupanga mabenchi, mke wangu yuko shambani, hakuna wa kunikataza. Nikawaambia vijana, "Si mtanibeba tu huko? Basi nibebeni kuanzia hapa." Wakanilaza kwenye kitanda cha kamba, shuka jeupe, juu yake khanga ya mke wangu, safari.

Ninyi mnajua kwetu. Maiti akipita mtu haulizi ni nani, anaacha alichoshika anakimbilia kutia bega, japo hatua chache, apate thawabu, na aliyebeba anampisha mwenzake. Maneno mengi mbele ya maiti ni utovu wa adabu. Nasi tukakutana njiani na watu wanaotoka msikitini, swala ya alasiri.

Nikasikia kitanda kimepanda juu ghafla na mwendo umekaza. Kijana wetu mmoja, Athumani, alijaribu, Mungu ampe kheri. "Shikamooni wazee, samahani, hili ni la..."

"Kijana, huu si wakati wa maneno. Kaa nyuma."

Akakaa nyuma. Angefanya nini, kalelewa vizuri.

Mwanzoni nilidhani Zaina kaongeza waigizaji, nikasema moyoni, wanajua kazi hawa. Kisha nikasikia mtu ananong'ona, "Nani huyu?" na mwingine, "Mzee Mhina. Si khanga ya mkewe ile?" "Masikini! Juzi tu kanidanganya kaona nyoka mwenye ndevu." (Si uongo, nilimwona.) Hapo nikajua nimekwisha. Mtaniuliza kwa nini sikuinuka. Niko juu ya mabega ya watu wanaoamini nimekufa, nikisema neno moja wananiachia wote kwa pamoja, na goti lenyewe ndiyo vile.

Halafu nikasikia kikohozi. Kikohozi kile nakijua, ni cha Semkiwa, jirani yangu, ambaye tulikuwa hatusalimiani tangu mbuzi wake walipomaliza mihogo yangu. Yuko chini ya kichwa changu, anahema. Kila anayekuja kumpokea anamwambia, "Niache kidogo. Jirani yangu huyu." Nzi ningemvumilia, wallahi, lakini hilo lilinitoa machozi, shuka likalowa.

Wakanishusha uani mwa msikiti. Shehe akauliza, "Ameshaoshwa?" Athumani akafungua mdomo, na hapo hapo akaingia Maganga anapiga kelele.

Maganga ni Mnyamwezi, baba yake alikuja huku kukata mkonge akabaki, na Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani. Mtani msibani ana ruhusa zote, ataziba njia, atamtukana marehemu, atatoza faini, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Akajilaza mbele ya kitanda. "Huyu Mzigua haendi popote! Kafa bila kuniaga, nani kampa ruhusa? Na hiyo miguu mibaya anampelekea nani huko?" Akanifinya kidole gumba, na mguu ni ule ule wa goti. Nikauvuta.

Maganga akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Jamani! Anapumua!"

Watu wakacheka kile kicheko cha msibani. "Watani bwana!"

"Kavuta mguu, naapa!"

"Maganga, leo umezidisha."

"Sitanii mimi!"

"Ndivyo msemavyo wote. Ondoka njiani."

Yaani kati ya watu wote pale aliyesema kweli ni mmoja, na ndiye hawakuweza kumwamini. Shehe naye, uvumilivu umemwishia, akasema, "Mwondoeni huyo, tumwangalie marehemu." Nikaona basi. Nikajifunua, nikakaa kitako, nikasema, "Asalaam aleikum."

Hakuitikia mtu. Uani palibaki ndala. Walibaki shehe, kwa sababu ni shehe, Maganga, kwa sababu alikuwa anacheka hawezi kusimama, na Semkiwa, ambaye alikuwa bado kashika kitanda upande wa kichwa changu. Wengine walirudi mmoja mmoja na hasira, mmoja ameshachuma fimbo. Athumani akaeleza kila kitu kwa pumzi moja. Shehe akanitazama. "Mhina, mauti unayafanyia mchezo?"

Nikasema, "Shehe, goti lilikuwa linauma." (Nalo hilo wananirudishia mpaka leo.)

Zaina akatokea mbio, mtandio shingoni, analia. "Babu, mko huku! Bwana utamaduni amekaa ghalani peke yake, mabenchi matupu, ameshaanza kutazama saa!" Nilimtazama mtoto yule, nikaona vitenge vya Handeni vinamwita, na sababu ni uvivu wangu. Aibu yote ya kukaa kitako mbele ya watu haikufika pale.

Aliyetuokoa ni Maganga. Alijifuta machozi, akapanda juu ya kitanda changu, akasema, "Faini! Nimesema kweli mmeniita mzushi. Faini yangu ni hii, wote mnakwenda ghalani mkaone Mzigua huyu alikuwa anafia nini." Na faini ya mtani haikataliwi. Watu wakamgeukia shehe. Shehe akamuuliza Zaina, "Lina nini humo?" Zaina akajibu kwa kwikwi, "Watoto wanagombania urithi baba hajazikwa." Shehe akafikiri, akasema, "Basi hilo wakalisikie," akatangulia yeye.

Njiani nikakutana na mke wangu analia, kaambiwa huko shambani. Aliponiona nachechemea alinichapa na fungu la mchicha alilokuwa nalo mkononi. Namshukuru Mungu hakuwa na jembe. Nashukuru pia kwamba alikuwa analia, kwa kweli sikuwa na uhakika.

Ghala lilijaa mpaka madirishani. Nilipobebwa kuingia walicheka, kitanda kikayumba, nikamwona Zaina kupitia uwazi wa shuka kajifunika uso. Lakini watoto wa igizo walipoanza, huyu anasema michungwa ya bondeni ni yangu, yule anamvuta mama yao khanga, kicheko kikapungua, kikapungua, kikafa. Nilisikia mtu anavuta kamasi. Hakutoka mtu mpaka mwisho. Bwana utamaduni akamwambia Zaina, "Nimezoea kuona watu wanatoka kwenye igizo. Leo wameingia wakikimbia. Njoo uchukue ukumbi."

Kwa hiyo kijana mwenye igizo lake kabatini, sikiliza mzee asiyesoma. Usimngoje mtu aje kukuomba, shika ghala, shika vijana, wapikie makande, na watu wafuate waliko. Ila usiwafuate na maiti. Na mimi nimeapa, mpaka siku yangu ya kweli ifike, nitakwenda kwa miguu yangu, goti liume lisiume.

Siku ya kulicheza ukumbini Korogwe nilitembea mwenyewe mpaka nyuma ya pazia. Kijana wetu mmoja alikuwa amepata kibarua Tanga, kitanda kikapungukiwa bega. Nikasikia kikohozi mlangoni. Semkiwa, kavaa kanzu yake ya Idi. Akamwambia Zaina, "Mjukuu wangu, mimi nitabeba. Uzito wake naujua."

Tukiingia jukwaani, ukumbi umetulia tuli, akainama sikioni kwangu, akaniita bwana kwa kilugha. "Mgosi, mihogo yako ile ilikuwa mitamu. Mbuzi wamesema."

Nikabana pumzi kama Zaina alivyonifundisha, lakini waliokaa mbele wanasema shuka lilikuwa linatikisika.