Mwaka Mama Alipopanda Njegere Rumonge

Maganda ya njegere yakikauka vizuri hupasuka yenyewe juani. Ni mlio mdogo, tak, kama mtu anayevunja kijiti kwa vidole viwili. Wiki iliyopita mjukuu wangu alianika njegere mkekani, nami nilikuwa nimekaa mlangoni nikisinzia. Niliposikia mlio ule usingizi ukaniruka. Nikawa tena mtoto wa miaka saba, pale Rumonge, kando ya ziwa katika nchi ya Warundi, enzi za Wadachi, nikitazama upenu wa nyumba yetu huku mdomo umeachama.

Niwaeleze ilivyokuwa. Baba yangu alikuwa fundi wa mitumbwi, Mswahili ambaye wazee wake walitoka Manyema. Mama alikuwa Mrundi wa milimani. Aliteremka ziwani kwa ajili ya Baba, akasilimu, tena akajifunza kula samaki, jambo ambalo watu wa kwao walilisimulia kwa sauti ya chini kama wanaotangaza msiba. Baba alikata miti yake huko Kigwena, msituni, ambako mbung'o walikuwa wengi. Mwaka ule akaanza kusinzia mchana, shoka mkononi. Kila mtu alijua maana yake: malale.

Wadachi walikuwa wamefungua kambi ya wagonjwa, mwendo wa siku mbili kwa mtumbwi, na aliyeonekana na dalili alipelekwa huko kudungwa sindano. Baba akaondoka asubuhi moja, amekaa katikati ya mtumbwi alioutengeneza mwenyewe, akiushikashika ubavu wa chombo kana kwamba anakagua kazi. Hakuna aliyetuambia atarudi lini, wala kama atarudi.

Habari zilipofika milimani, bibi yangu mzaa mama hakuteremka. Watu wa kule waliliogopa joto la ziwani kama kaburi. Alimtuma mtu na salamu, na kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na mbegu kavu za kijivu, konzi moja tu. Mama alizimimina kiganjani, akazinusa kwa muda mrefu.

"Ubwishaza," akasema kwa Kirundi. Ndizo njegere hizo.

Jirani yetu Bi Mwanaisha, mama mnene mzaliwa wa Ujiji ambaye hakuna jambo lililopita mtaani bila yeye kulitia neno, alikuja kutazama. "Mama Zena," akasema, akimwita kwa jina langu, "hizo ni za nchi ya baridi. Hapa jua litazikaanga kabla hujazibandika jikoni."

"Hata hapa iko baridi," Mama akajibu. "Imejificha tu."

Akaenda kuitafuta. Kwa siku mbili nilimfuata nyuma ya nyumba, miguu mitupu sote wawili. Alisimama hapa, akasimama pale, amefumba macho, akisikiliza nyayo zake. Mwishowe akasimama kando ya kijito, chini ya michikichi, akatabasamu. Nami nikakanyaga pale. Kweli, udongo ulikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

Akapanda masika yakielekea mwisho. Miche ilipochomoza akaichomekea vijiti, na hapo ndipo nilipoona mambo. Kila mche ulitoa vikono vyembamba kama nyuzi, vikawa vinapapasa hewani. Siku moja nilinyoosha kidole karibu na kimoja, nikatulia tuli. Mbu waliniuma, sikujikuna. Kabla ya adhuhuri kikono kile kilikuwa kimekizunguka kidole changu mara moja na nusu. Sikuthubutu kukichomoa. Nilikaa hapo nikiogopa hata kupumua, hadi Mama alipokuja kunifungua taratibu.

"Sasa inakujua," akaniambia.

Yakaja maua meupe, yakafuata maganda. Mama alinipakata, akainua ganda moja likiwa bado kwenye mmea ili jua lipite ndani yake. Nikaziona punje, zimejipanga, kila moja imeshikiliwa na kikamba chake. "Angalia, lakini usichume, mutoto wangu," akaninong'oneza. "Bado zinanyonya." Nilipigwa na bumbuazi. Sikujua kwamba chakula nacho kina mama.

Maganda yalikuwa yamejaa, ila hayajakauka, mnyapara alipofika na askari wawili. Alisema Wadachi wameamuru vichaka vyote kando ya maji vifyekwe, mbung'o wakose pa kukaa.

"Hiki si kichaka," Mama alisema. "Hii iko chakula."

Mnyapara aliitazama ile bustani iliyosukana na vijiti hadi kifuani kwake. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. "Mama, mimi nimetumwa. Kesho kutwa tunafika hapa. Kitakachokuwa kimesimama kitalala chini."

Jioni ile Mama hakupika. Asubuhi Bi Mwanaisha akaingia uani na wanawake watano, nguo wamezifunga viunoni, wale wale waliokuwa wakizicheka njegere zetu.

"Tung'oe na mizizi yake, tuzitundike," alisema. "Ganda lililoshiba halihitaji tena shamba. Litaiva hapo juu."

Wakang'oa, wakafunga mafungu kwa kamba za migomba, wakayatundika kwenye upenu pande zote nne. Ilipofika alasiri nyumba yetu haikuonekana. Ilikuwa kichuguu cha kijani chenye mlango. Niliizunguka mara nyingi. Askari walipokuja kufyeka walisimama kuitazama, na mmoja akavua kofia.

Kijani kikageuka manjano, manjano ikawa rangi ya mchanga. Jua lilipopamba moto maganda yakaanza: tak, tak, tak, nyumba nzima inaongea, punje zinaturukia vichwani, nasi tunashindana na kuku kuziokota.

Ndivyo tulivyokuwa siku Baba aliporudi. Alikuja ameshika bega la mwenzake. Malale yalikuwa yamemwacha, lakini sindano zilikuwa zimemharibu macho, hayakuona tena ila ukungu tu. Akasimama uani, akainamisha kichwa kusikiliza.

"Mama Zena, nyumba inasema nini?"

Mama akamsogelea. Alimshika mkono, akaupeleka juu kwenye upenu. Baba akapapasa, akapata ganda, akalipasua kwa ukucha, akazigusa punje moja moja kama alivyokuwa akigusa misumari ya mitumbwi yake. "Nane," akasema, na uso wake ukakunjuka. Mama akakaa chini palepale, akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akilia tangu mtumbwi ule uondoke.

Kwa miaka mingi niliamini Mama alizipanda njegere kwa ajili ya kumbukumbu ya kwao. Nilipokuwa mtu mzima, mume wangu akiwa safarini na barua hakuna, nilimuuliza ilikuwaje alihangaika na mbegu mwaka ule ambao hakuwa na nguvu hata ya kuchana nywele.

"Nilikuwa natafuta kitu cha kungoja ambacho siku yake naijua," alisema. "Ya baba yako hakuna aliyeijua. Ubwishaza, miezi mitatu na siku chache. Nikaweza kuamka."

Kesho yake alfajiri nilichukua jembe, nikatoka nje bila viatu, nikaanza kusimama hapa na pale.