Siku Tantine Alipobeba Cherehani

Mwezi uliopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi Randburg kununua kitasa cha mlango, na muuzaji mmoja alikuwa amemwaga mafuta ya kulainishia vyuma juu ya kaunta. Harufu ile ilinisimamisha. Ni harufu nyepesi, yenye utamu kidogo, inayokaa puani kama moshi wa mshumaa uliozimwa. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nilikuwa nahitaji msaada. Nilikuwa nimekwisha rudi La Rochelle, kusini mwa Johannesburg, kwenye chumba cha uani, miguuni pa shangazi yangu Regina, Jumapili baada ya ibada, gazeti limetandazwa mezani na bastola yake imelala juu yake vipande vipande.

Sisi tulimwita Tantine, kama watu wengi wa kwetu Bukavu wanavyowaita shangazi zao. Alikuwa dada mkubwa wa baba, na alifika Johannesburg miaka mingi kabla yetu. Kibali chake cha ukaazi wa kudumu kilikuwa kimeshatoka, na alifanya kazi ya ulinzi akiwa na silaha, kazi ambayo wanawake wachache wa jamii yetu waliifanya. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti nzito iliyowafanya watu wanaopiga simu wamwite Bwana. Lakini bastola ile haikuwa ya kazini. Ilikuwa yake mwenyewe, aliyoiombea leseni kwa jina lake, naye aliitunza kama watu wengine wanavyotunza vyombo vya harusi.

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja; ilikuwa 2016 ikielekea 2017. Niliruhusiwa kutazama, mikono yangu ikiwa nyuma ya mgongo. Kwanza alitoa magazini, kile kikasha cha risasi, akavuta chuma cha juu nyuma, akachungulia ndani, akatia kidole kidogo kuhakikisha hamna risasi, kisha akachungulia tena. Ndipo mafuta na kitambaa vilipotoka. Alikuwa na mkanda mpana wa ngozi uliochubuka kiunoni, mfuko wa bastola uliotoa mlio mdogo wa kubana alipoisukuma ndani, miwani ya plastiki, na vifuniko vikubwa vya masikio vilivyomfanya afanane na rubani. Akimaliza, kila kitu kiliingia kwenye sefu la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti. Ufunguo aliuficha mahali ambapo mpaka leo sipajui.

Sheria zake zilikuwa kali. Mdogo wangu Elie, aliyekuwa na miaka mitatu, aliwahi kunielekezea bastola ya maji ya kijani. Tantine aliivuta mkononi mwake kabla hata tone halijatoka. Elie alilia hadi jirani akachungulia ukutani.

"Hata ya maji," Tantine alisema. "Kama hutaki kumulowesha mutu, usimuelekezee."

Baba alikuwa fundi cherehani, na duka lake lilikuwa mbele ya nyumba hiyohiyo, likitazama barabara. Yeye hakutaka kuiona ile bastola kabisa. Harufu ya mafuta ikimfikia, alifungua dirisha.

"Yaya, sisi tulikimbia ile kitu," alimwambia dada yake, ambaye kwa kuwa mkubwa wake alimwita Yaya. "Tulitembea kwa miguu kuikimbia. Weye umefika huku ukaitafuta."

"Ile tuliyoikimbia ilikuwa mikononi mwa watu wasioulizwa swali na mutu yeyote," Tantine alijibu. "Mimi wameniuliza mpaka nikachoka."

Na kweli walimuuliza. Alikwenda mafunzoni, akafanya mtihani wa sheria na mtihani wa kulenga shabaha, akasubiri kwa miezi. Kisha polisi mmoja alikuja kukagua sefu. Alilitikisa, akapiga picha boliti, halafu akaingia dukani kumuuliza baba habari za dada yake. Je, anakunywa? Je, ana hasira? Nilikuwa chini ya meza ya kukatia nikiokota vifungo, na juu yangu nilisikia mkasi wa baba ukikata kitambaa hadi mwisho.

"Hanywi," alisema hatimaye. "Anakaripia watu wote, lakini huwa wamekosa kweli. Mimi, bwana, silaha singempa mtu yeyote duniani. Lakini kama lazima mtu apewe, mpeni huyu."

Tantine aliyapenda maneno hayo kuliko leseni yenyewe.

Mtu aliyetofautiana naye kila siku alikuwa Papa Kasongo, mwenye duka la simu upande wa pili wa barabara. Yeye naye alikuwa na leseni, na bastola yake aliivaa kiunoni, shati likiwa limeingizwa ndani ya suruali ili mkanda uonekane. Alikuwa mkarimu na mcheshi, mvaaji wa viatu vilivyong'aa, na alikuja kwa baba kupunguziwa suruali na kulalamika. Sheria za nchi hii, alisema, zimetungwa kumfunga mikono mtu mwema. Mwizi hasubiri leseni. Mwizi haulizwi kama anakunywa. Mimi ninayelipa kodi ndiye ninayekaguliwa sefu, na muda wa leseni ukipita siku moja tu nageuzwa mhalifu!

"Kuhusu mwizi umesema kweli," Tantine alikubali, kwani hakuwa mtu wa kubishana kwa kubishana tu. "Foleni pia ni ndefu, eish, hiyo hata mimi inaniuma. Lakini wakirahisisha kwako, watarahisisha na kwa yule kijana wa pale robot anayepiga watu makofi akilewa. Unataka naye aipate?"

Papa Kasongo alitazama kule kwenye robot, zile taa za barabarani, akacheka, akakiri kwamba hakutaka.

Mara moja tu Tantine alinichukua uwanja wa shabaha. Nilivalishwa vifuniko vya masikio nikakaa nyuma ya kioo. Wanaume wengi pale walipiga haraka, kama watu wanaogombana. Tantine alisimama, akapumua, akapiga moja, akapumua tena. Mlio niliusikia kifuani zaidi ya masikioni. Karatasi yake ya shabaha iliporudi ilikuwa na tundu moja kubwa lenye kingo za kuchanika, na mzee mmoja mwenye kaptula na soksi ndefu aliitazama akatikisa kichwa kwa heshima. Niliporudi shuleni sikuwaacha wenzangu wapumue. Shangazi yangu hakosi! Atakayekuja kwetu kutuibia atakiona!

Basi wakaja.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Siku kadhaa maneno yalikuwa yakizunguka kwamba wageni wa nchi nyingine, kama sisi, wafunge maduka waondoke. Mama alikuwa saluni Bertrams akisuka nywele za watu. Baba alikuwa anamalizia gauni la harusi, Elie amelala juu ya vitambaa, nami nilikuwa natoa nyuzi mbaya kwenye pindo. Tulisikia kwanza mageti ya maduka yakishushwa, moja baada ya jingine, yakija upande wetu. Kisha nyimbo. Kisha vioo.

Baba alikimbilia geti letu, likashuka nusu likakwama. Tantine aliingia kwa mlango wa uani. Alikuwa ametoka uwanja wa shabaha muda si mrefu, na chini ya koti lake la kahawia nilijua mkanda upo. Nakumbuka furaha iliyonipanda. Nilimwona shangazi yangu nikasema moyoni, sasa watajua.

Papa Kasongo alipenya chini ya geti, akijikwangua mgongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshafika kiunoni.

"Mama Regina, tuko wawili!" alisema akihema. "Tukipiga juu mara moja tu, watatawanyika kama kuku."

"Ikipanda juu itashukia wapi?"

"Wanakuja kutuua, mama!"

"Toa mukono hapo, Kasongo."

Hakupaza sauti. Alifungua boliti ya cherehani ya kwanza, ile nyeusi nzito ya baba, akainyanyua na kumsukumia Papa Kasongo kifuani. "Beba hii. Kwa mikono miwili, itaanguka." Papa Kasongo akaipokea kwa mshangao, kama mwanamume aliyepewa mtoto mchanga asiyemjua. Tantine akamwinua Elie kwa mkono mmoja, akamlaza mbele ya tumbo lake, na kwa mkono wa pili akachukua cherehani ya pili. Ilikuwa nzito hata mishipa ya shingo ikamtoka. Baba alikumbatia gauni la bibi harusi. Mimi nilishika koti la Tantine kama alivyoniamuru, na tukatoka kwa mlango wa uani.

Mlango wa jirani yetu, bibi kizee tuliyemwita Gogo Thandi, ulikuwa wazi tayari; yeye mwenyewe alikuwa kwenye uwazi wa ukuta akituita kwa Kizulu, haraka, haraka. Alitusukuma jikoni, akavuta kiti akaketi mlangoni na ufagio magotini. Walipopita vijana wawili kuuliza wageni wamekwenda wapi, aliwauliza mama zao ni nani na kanisa lao ni lipi, wakaondoka.

Kupitia dirisha la jikoni niliona vitambaa vya baba vikitolewa dukani hadi barabarani. Vijana kadhaa walikuwa na sare za shule, na mmoja wao nilimfahamu. Alikuwa madarasa machache mbele yangu. Alijifunga satini ya buluu mabegani akawa anazunguka akicheka. Tantine alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama naye. Hakuweka ile cherehani chini, ingawa meza ilikuwa pale.

Walichukua kila kitu kilichobaki, wakavunja kioo kirefu cha kujipimia. Duka la Papa Kasongo liliachwa mbao tupu. Hakuna aliyeumizwa mtaani kwetu.

Wiki iliyofuata watu walianza kucheka, kama watu wanavyocheka wakishapona. Yule mama mwenye bastola, walisema, alikuwa na risasi kiunoni akakimbia na cherehani. Wakamwita Mama Cherehani. Shuleni kwangu jina lilifika kabla yangu, nikanyamaza kwa aibu na kinyongo. Tantine aliitika jina hilo bila shida. Baba alifunga zile cherehani mbili mezani tena, akamaliza gauni la harusi kwa siku iliyopangwa, na kodi ya nyumba ikatoka kwenye kazi ya mikono yake. Kwa hasira yangu ya kitoto nilidhani hilo ndilo jambo lote: Tantine aliona mali, akaokoa mali, kwa sababu aliogopa kupigana.

Nilipata kumuuliza miaka mingi baadaye, nilipokwisha kuanza kazi. Tulikuwa tunapepeta mchele nyumbani kwake.

"Tantine, siku ile kwa nini ulibeba cherehani?"

Aliendelea kupepeta. "Mikono yangu ilikuwa inataka kwenda," alisema. "Ya Kasongo ilikuwa imekwenda tayari. Nilitafuta kitu kizito. Mutu mwenye mikono iliyojaa hawezi kuchomoa kitu."

"Na Elie?"

"Elie nilimuweka mbele wasione mkanda. Wangeuona, wangekuja kuutafuta, ningelazimika." Akapuliza makapi. "Nilikuwa ninajua ningempata nani kwanza. Yule wa satini ya baba yako. Alikuwa amesimama vizuri kabisa."

Niliacha kuchambua mchele. Nilielewa kwamba pale dirishani, wakati mimi nilikuwa nikisubiri kuona ushujaa, mwanamke asiyekosa alikuwa ameshika chuma kizito mpaka vidole vikafa ganzi, na kila alichofunzwa kilikuwa kikimwambia jinsi ya kupiga. Mafunzo yaleyale yalimfundisha pia risasi inaishia wapi. Papa Kasongo, ambaye bado anazilalamikia sheria na bado ana leseni, aliwahi kuniambia kwamba kila mwaka mpya humpigia Tantine simu ya kwanza. Hakuniambia kwa nini; sasa nadhani ni kwa ajili ya ile cherehani aliyotiwa mikononi.

Wale vijana wa sare sasa ni watu wazima kama mimi. Wengine bila shaka wanafanya kazi huku Randburg, wana wake, wanapeleka watoto shule. Huenda nimesimama nyuma ya mmoja wao kwenye foleni ya mkate. Hawamjui Tantine Regina, na kama walimwona siku ile, walimwona mama mnene akikimbia.