Mkeka wa Kushoto

Ndege ilikwenda kushoto tena. Niliongeza gaz, ikanguruma, ikaanza kukimbia, halafu pua ikageuka polepole kama ng'ombe aliyeona majani kando ya njia. Kabla sijajua nikanyage wapi, ilikuwa imeshaingia mtaroni. Vijana waliongoja zamu kwenye benchi wakacheka hadi mmoja akapaliwa na karanga. Mimi sikucheka. Mtaro ule nilikuwa nimeuona zamani, rafiki yangu, na haukuwa kwenye kioo cha kompyuta.

Nikueleze nilivyofika pale. Mimi ni dereva wa lori. Nimelala Kampala, Bunia, Kisangani, Goma, na miji ambayo majina yake nimeyasahau, na sijawahi kukaa mahali pamoja miezi mitatu bila miguu kuniwasha. Mwaka huu barabara ilifungwa, magari yakaambiwa yangoje msafara wa askari, nami nikangoja Beni, Mulekera, kwa dada yangu mdogo. Mume wake ana chumba cha michezo: ukuta wa mbao, bati juu, kompyuta nne, betri za sola. Mpira ndio unaomlisha. Lakini alikuwa amenunua Uganda, mitumba, manche, ile fimbo ya kuongozea ndege kwa mkono, na pedali mbili za miguu, zile ambazo marubani wanaziita palonnier, pamoja na mchezo wa ndege za vita za zamani, za propela moja. Alidhani vijana wangepigana angani. Wiki mbili zikapita, hakuna hata mmoja aliyeweza kuitoa ndege chini.

"Chauffeur," shemeji aliniambia, "batu bananicheka. Ndege yangu hapana kwenda droit. Wewe na camion miaka yote ile, kuja uonyeshe miguu yako."

"Hii hapana camion, beau," nikamjibu shemeji. "Camion inapinda na mikono."

"Basi unaogopa."

Nikakaa. Na kweli miguu yangu haikujua kitu. Miaka ishirini na zaidi imejifunza kwenda na kusimama, haijajifunza kupinda. Ndege ikiwa chini inaongozwa kwa nyayo: kanyaga kulia, mkia unasukumwa, pua inakwenda kulia. Tena ile ndege ilikaa kama mbwa, magurudumu mawili makubwa mbele na kimoja kidogo nyuma chini ya mkia, pua juu, hata huoni njia iliyo mbele yako. Shemeji akaifananisha na bibi harusi aliyefunikwa uso. Mimi niliona kile kigurudumu cha mkia tu.

Kigurudumu kama kile nilikigusa nikiwa na miaka tisa.

Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo ya njia ya Mangina, wakati nchi bado inaitwa Zaire. Tulikuwa na kiwanja cha ndege, lakini usifikirie lami. Kilikuwa kipande cha udongo mwekundu kilichofyekwa katikati ya mibuni, mtaro kila upande wa kupokea mvua. Ndege ilikuja mara moja kwa wiki, au mara moja kwa mwezi, ikileta padri, dawa, barua, na ikichukua wagonjwa. Siku nyingine zote kiwanja kilikuwa cha akina mama. Mahali pengine pote palikuwa mteremko na matope, pale tu ndipo palikuwa pakavu, sawasawa, panapofagiwa na upepo. Kwa hiyo walianika muhogo. Ukisimama juu kwenye shule ungeona mikeka imepangwa pembeni mwa kiwanja chote, myeupe, kama nguo za kanisa zilizofuliwa. Katikati paliachwa njia. Harufu ya muhogo uliolowekwa na kuanikwa, ile kali kidogo ambayo wageni hushika pua, kwangu mpaka leo ni harufu ya kuwa nyumbani.

Ndege iliposikika, mlinzi wa kiwanja alipiga jante, rimu ya gurudumu la lori, iliyotundikwa kwenye mti. Ngaa, ngaa, ngaa! Hapo kila mwanamke alikuwa askari. Walikimbia, walikunja, walibeba mikeka kichwani, muhogo ukimwagika shingoni, wakitukanana na kuchekana. "Kunja, usikokote!" nyanya yangu alipiga kelele. Tulimwita Mukaka, kama Wanande wote wanavyoita nyanya zao. Alikuwa mfupi, mkono mmoja umepinda tangu utoto, na alikuwa na mikeka saba ya mafunjo aliyoisuka mwenyewe. Sita ilikuwa yake kukunja. Wa saba, wa mwisho, ule wa upande wa kushoto karibu na mahali ndege inapoanzia kukimbia, ulikuwa wangu.

Siku ninayokusimulia ndege ilikuja kumchukua mwalimu wetu wa darasa la tatu. Tumbo lake lilikuwa limefunga siku ya tatu, limekuwa gumu kama ngoma, na muuguzi wa zahanati alisema asipopasuliwa hatafika Jumapili. Alikuwa mwalimu mkali mwenye mwandiko mzuri, na aliniahidi chaki nyekundu nikijua jedwali la saba. Nilikuwa nimelijua. Walipomleta kwenye machela, mke wake akimshika mguu, mimi nilikimbilia kwenye ndege badala ya kwenye mkeka wangu, uliokuwa bado chini. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka anione, akumbuke chaki. Sikufika mlangoni, watu wazima walikuwa wengi, basi nikazunguka nyuma, nikachuchumaa, nikaweka kiganja juu ya kile kigurudumu kidogo chini ya mkia. Kilikuwa cha moto. Mlinzi akanifukuza kwa fimbo.

Mlango ukafungwa, propela ikageuka kuwa ukungu, majani ya mibuni yakalala. Ndege ikaanza kukimbia. Halafu pua ikageuka polepole, kushoto, ikavuka ukingo, ikaanguka mtaroni kwa upande mmoja, na propela ikakata udongo.

Hakuna aliyekufa pale. Rubani, mzungu kijana, alitoka na damu kwenye paji la uso. Mwalimu walimtoa akiwa hai. Lakini ndege haikuwa tena ndege. Wanaume wakambeba kwa kipoyi, mabegani, kuelekea hospitali, na akawafia njiani, kwenye daraja la miti, jua likiwa bado juu. Mke wake alirudi peke yake mbele ya wabebaji, amejifunga kichwani kitenge kilichomfunika mume wake.

Na nyuma ya ndege, karibu na ukingo wa kushoto, watu waliona mkeka mmoja ambao haukukunjwa.

"Rubani amekwepa hii!" mlinzi alisema, akiuinua ili wote waone, muhogo ukimwagika. "Ya nani?"

Mukaka alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa, aone kama kinatosha. Kisha akasema, "Ni yangu. Nimeisahau mimi."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi sikufungua mdomo siku ile, wala siku ya mazishi, wala mjane aliposimama mbele ya nyumba yetu na kusema, "Mukeka yako njo imemuua bwana yangu. Ukule muhogo yako peke yako." Mukaka alikula peke yake kweli. Hakuna aliyemwazima tena kinu. Kanisani alihamia benchi la mwisho. Watoto wakipita walisema "Mukeka! Mukeka!" na kukimbia, na nisikufiche, siku moja nami nilikuwa kati yao, nikasema kwa sauti ndogo, nisibaki peke yangu. Alianika muhogo juu ya bati tangu hapo, akipanda ngazi na mkono wake ule mbovu. Mkeka wa saba hakuutupa. Aliuosha, akaulalia. Katikati yake ulikuwa na mstari uliopinda, mafunjo yamepondwa na gurudumu, na mara nyingi nilimkuta akiupitisha kidole polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama anasoma.

Nilipomaliza sekondari kule Butembo nilipanda lori la kwanza lililonikubali, na sikusimama tena. Mukaka alipokufa nilikuwa barabarani. Dada yangu aliniambia kuwa aliomba azikwe juu ya mkeka ule.

Basi sasa unaelewa kwa nini sikucheka na wale vijana.

Mvua ilianza kupiga bati, wateja wakatawanyika, tukabaki shemeji na mimi tukitengeneza pedali. Mwanzoni zilikuwa kali mno: ukizigusa tu ndege inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Tukazipunguza ukali, ili mguu mdogo ulete mgeuko mdogo. Katikati palikuwa na sehemu iliyokufa, unasukuma na ndege haisikii, tukaifupisha. Tukafunga kile kigurudumu cha mkia kisitangetange. Bado, kila nilipoongeza gaz, kushoto. Nilijaribu mara kumi. Kiwanja kilikuwa kitupu, hakuna mkeka, hakuna mtu. Kushoto, mtaroni.

Shemeji akasoma maelezo ya Kifaransa kwenye simu yake, akinitafsiria huku anatafuna muhogo wa kuchoma. "Donc banasema hapana pedali njo iko mbaya. Ndege ya aina hii, ukitia gaz nguvu, yenyewe inavutwa kushoto. Ni propela. Mupilote anapashwa kukanyaga kulia mbele ya kutia gaz, na kutia gaz polepole. Kama mguu yake imechelewa kidogo tu, amekwisha."

"Rudia."

"Yenyewe inavutwa kushoto, chauffeur. Hata njia ikiwa safi."

Nikaondoa miguu kwenye pedali. Mkeka wangu ulikuwa kushoto. Mtu anayekwepa kitu kilicho kushoto kwake huenda kulia. Dereva yeyote anajua hilo, na mimi ni dereva tangu lini? Tena gurudumu lilipita juu ya mkeka, ule mstari uliopinda ulikuwa shahidi. Ndege haikuukwepa. Iliufuata, kwa sababu ilikuwa imekwisha kupotea. Na pua ilivyokuwa juu vile, labda kijana yule hakuuona hata kidogo. Alitia gaz kwa haraka, ana mgonjwa nyuma anayelia, mguu ukachelewa. Ushahidi wote ulikuwa chini ya mgongo wa Mukaka kila usiku, na sasa uko naye ardhini, katika kijiji ambacho siku hizi, kwa sababu ya vita, hakuna anayelala, mahali ambapo hata mimi na lori langu hatuwezi kufika.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwambia. Mjane wa mwalimu anaishi Beu, mtaa mwingine wa hapa Beni, dada yangu humwona sokoni. Nilipanda motari, pikipiki ya abiria, kesho yake baada ya misa. Nilimkuta mlangoni amekaa, ungo wa maharage mapajani, mzee, macho yake bado makali.

"Mama Mwalimu," nikasema, "mimi ni mujukuu wa Mukaka. Yule wa mukeka."

Mikono yake haikusimama. "Wewe njo ule mwenye anazungukaka inchi yote? Ikala."

Nikakaa. Nikamwambia lililonileta. "Mukeka niliiacha mimi. Hapana yeye. Alinifunika."

Alitupa jiwe moja dogo nje ya maharage. "Nilikuwa nawaza vile. Mwanamuke yule alikuwa anahesabu mikeka yake kama rozari." Akatupa jiwe jingine. "Na umengoja meno yangu yaishe ndiyo uniambie."

"Iko jambo ingine, mama."

Niliomba ruhusa, nikasafisha njia katikati ya maharage kwa kidole. Nikaweka kiberiti kiwe ndege, ganda moja la haragwe kushoto liwe mkeka. Nikamweleza propela, mguu wa kulia, gaz. Sijui kama alifuata yote. Lakini nilipofika kwenye alama ya gurudumu alichukua kiberiti mkononi mwangu, akakirudisha mwanzo, akakisukuma yeye mwenyewe. Kikapinda kushoto. Kikapita juu ya ganda.

"Donc haikukwepa," akasema.

"Haikukwepa, mama."

"Ilikuwa inaenda tu."

"Ilikuwa inaenda tu."

Akanirudishia kiberiti. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kila mwaka, mbele ya Noeli, Mukaka yako alikuwa analeta beseni ya unga kwa mulango yangu. Unga muzuri, mweupe. Hata nilipohamia hapa Beni, alituma nayo. Mimi nilikuwa namwagia kuku." Akaukung'uta ungo, na ile njia niliyoichora ikafutika. "Sasa uniambie wewe mwenye akili ya mashini. Ule unga nitaurudisha wapi?"

Nilimsaidia kuchambua maharage hadi jua lilipoinama, nikaondoka.

Nasikia msafara utatoka wiki hii, nami nitakwenda, kwa sababu kukaa sijui. Lakini kila alasiri bado nakaa kwenye ile kompyuta. Vijana hawacheki tena, mguu wangu wa kulia umejifunza. Nakanyaga kwanza, naongeza gaz polepole, ndege inakwenda imenyooka kama uzi. Shemeji anakasirika. "Mais ruka basi! Kila siku unakimbia, unasimama!" Kwa maana mahali fulani, hatua chache tu baada ya mwanzo, mimi huondoa gaz, nafunga breki, natazama upande wa kushoto.

Hakuna kitu pale. Waliotengeneza mchezo wamechora majani, kijani kimoja hadi mwisho. Hawakuchora mikeka, wala akina mama wanaokimbia na muhogo shingoni, na hata ningengoja namna gani hakuna wa kupiga jante. Injini inanguruma taratibu. Mguu wangu uko kulia, umefika kwa wakati, na sina mtu ndani ya ndege.