Watu wa Bondeni na Makopo Yao

Masika haya, asubuhi moja, nilisikia hodi. Kufungua mlango, namwona binti wa muuza mahamri, naye sasa ni bibi kama mimi, kasimama majini, kopo kalificha ndani ya leso. Kopo lile nalijua, mwenzangu. Nimelibeba.

Miaka ya themanini sisi tulikaa bondeni, hapa hapa Malindi, na mama yake, yule muuza mahamri, juu kidogo tu, mwendo wa kutupa jiwe. Mvua peke yake tuliiweza: mama yangu alishika jembe akazibua mtaro, maji yakateremka baharini. Lakini mvua ikikutana na maji ya bamvua, bahari ilijaa ikauziba mtaro, yakaturudia nyumbani. Choo ndicho kilichotangulia kufurika. Nisikufiche: ya shimoni yalielea uani.

Basi tukaomba choo kwa jirani huyo. Njia ilipita penye karai lake. Wateja wamekaa kwenye mabenchi, harufu ya hiliki imejaa, mbaazi za nazi zinatokota, nami napita katikati yao na kopo la maji, kila mtu ajua niendako. Yule binti, niliyekaa naye dawati moja, akapaza sauti: "Mama! Watu wa bondeni na makopo yao!"

Wateja wakacheka. Mama yake akamkemea, "Koma wee! Pita mwanangu, pita."

Huruma ile ndiyo iliyoniunguza zaidi. Nikaacha kunywa chai. Darasani nilijibana mpaka tumbo likawa gumu kama dafu.

Nilipojenga nyumba yangu, pale pale bondeni, nilianza na choo, cha mawe, cha kupanda ngazi. Watu walinicheka, ati bibi anakwenda haja ghorofani. Wacheke. Mimi nilikuwa na neno la kumrudishia, nimelitunza tangu utoto, lamngoja yule binti.

Sasa kaja. Maji yameufikia ua wa mama yake, pale pale penye karai. Alitazama chini vile vile nilivyotazama mimi, na neno langu nikaliacha. Nikaona haya: kwa ajili yake, kwa ajili yangu, na kwa kulilea neno lile miaka yote hiyo.

"Pita, shoga yangu, pita."

Akapanda ngazi. Nikabaki mlangoni. Harufu ya hiliki hakuna. Mtaro wa mama umo humo majini, sijui wapi. Zamani tulikuwa na jirani wa kumkimbilia huko juu. Siku hizi sote ni watu wa bondeni.